Kutoka Longyearbyen hadi Ukumbini: Namna ya Kuandaa Mazungumzo ya Picha Kuhusu Safari ya Aktiki

Mpiga picha anayerudi kutoka Aktiki, yaani eneo la ncha ya kaskazini ya dunia, na kusimama mbele ya wasikilizaji wa Tanga, Mombasa au Bujumbura ana shida ambayo mwenzake wa Oslo hanayo: watu walioketi mbele yake hawajawahi kuionja baridi anayoizungumzia, na picha peke yake haiwezi kuwaonjesha. Theluji ikiwa kwenye skrini hufanana na chumvi iliyoanikwa, na ukiwaonyesha watu milima mitano myeupe mfululizo wataanza kuangalia simu. Mwongozo huu unahusu kazi nzima, tangu kuchagua tarehe ya safari hadi swali la mwisho ukumbini, kwa sababu kosa ninaloliona kwa wengi, na ambalo nami nililifanya, ni kudhani kwamba mazungumzo huandaliwa baada ya kurudi nyumbani. Picha inayofaa kuzungumziwa si lazima iwe ile inayofaa kutundikwa ukutani, na usipoipiga ukiwa kule huna pa kuipata tena.

Nitatumia Svalbard kama mfano, visiwa vya Norwei vilivyo kati ya nyuzi 74 na 81 za kaskazini. Mji wake mkuu, Longyearbyen, una wakazi wapatao 2,500, una uwanja wa ndege unaopokea ndege za abiria kutoka Oslo na Tromsø, na ni mahali ambapo mtu asiye mtafiti wala baharia anaweza kufika kwa tiketi ya kawaida.

Karatasi kwanza

Mkataba wa Svalbard, uliotiwa saini Paris tarehe 9 Februari 1920, uliipa Norwei mamlaka juu ya visiwa hivyo huku ukiwapa raia wa nchi zilizojiunga nao haki sawa za kufanya shughuli huko, na hadi leo Svalbard yenyewe haimdai visa mtu wa taifa lolote. Habari hiyo huwafurahisha watu kupita kiasi. Ndege zinapitia Norwei bara, ambayo imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, na Svalbard haimo. Kwa hiyo mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Burundi anapopanda ndege Oslo kwenda Longyearbyen huhesabiwa kuwa ametoka Schengen, na anaporudi anahesabiwa kuwa anaingia upya. Omba visa inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja, na ueleze sababu hiyo wazi katika maombi yako, kwa kuwa mwenye visa ya kuingia mara moja atafika salama kisha akose njia halali ya kurudi. Bima ya afya ya kiwango kinachotakiwa na Schengen, yaani yuro 30,000, haitoshi kuwa kinga yako yote. Hakikisha imeandikwa humo kwamba inalipia utafutaji na uokoaji, kwa sababu hospitali ya Longyearbyen ni ndogo na wagonjwa mahututi hupelekwa Tromsø kwa ndege.

Kuchagua msimu, na saa ya Kiswahili isiyofanya kazi

Hapa ndipo mazungumzo yako yanapoanza, ingawa hujafungasha hata soksi. Saa ya Kiswahili huhesabiwa kutokana na jua: saa moja asubuhi ni saa moja tangu kukucha, saa kumi na mbili jioni jua linazama, na kwa sisi tunaoishi karibu na Ikweta hesabu hiyo haikosei sana mwaka mzima. Longyearbyen huivunja kabisa. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari jua halichomozi, na kuanzia tarehe 20 Aprili hivi hadi karibu tarehe 23 Agosti halitui. Mtu akikuambia huko kwamba ni saa sita, hakuna kitu angani kinachokuambia kama ni mchana au usiku.

Usiueleze ukweli huo kwa maneno tu, upige picha. Ukienda mwezi Juni, tafuta dirisha au kilima chenye upeo ulio wazi, simamisha tripodi, weka alama chini ya kila mguu wake, na upige picha moja kila baada ya saa mbili kwa siku nzima ukiizungusha kamera kulifuata jua. Utapata picha 12 za jua linalouzunguka mji kama ng'ombe anayezunguka kigingi alichofungiwa, na ile ya saa sita usiku itaonyesha jua likiwa upande wa kaskazini, karibu nyuzi 12 juu ya upeo. Wasikilizaji wangu wameonyeshwa dubu, meli na milima, lakini hakuna slaidi iliyowanyamazisha kama hiyo yenye maandishi mafupi chini yake: saa sita usiku.

Ukienda Desemba au Januari unapata kinyume chake, na kinyume hicho kina zawadi yake. Svalbard iko kaskazini kiasi kwamba aurora, yaani ile mianga ya kijani inayocheza angani, huonekana huko hata saa sita mchana, kwa kuwa mchana wenyewe ni giza. Picha mbili, moja ya jua la saa sita usiku na nyingine ya aurora ya saa sita mchana, zikiwekwa pamoja zinaeleza mwinamo wa dunia vizuri kuliko mchoro wa kitabu cha jiografia. Bahati mbaya ni kwamba zinahitaji safari mbili, au urafiki na mpiga picha mwingine atakayekupa ruhusa ya kutumia picha yake na kutajwa jina.

Kwa safari moja tu, mimi ningeshauri Machi. Giza la usiku bado lipo kwa ajili ya aurora, mchana una mwanga wa chini wenye rangi ya waridi na samawati, theluji imetanda vya kutosha kwa sledi, yaani vigari visivyo na magurudumu vinavyovutwa na mbwa, na kwa skuta za theluji, na tarehe 8 Machi, ikiwa mawingu yataruhusu, utawaona wakazi wamekusanyika kwenye ngazi za hospitali ya zamani wakisubiri miali ya kwanza kuvuka milima inayouzunguka mji. Jua linakuwa limekwisha kurudi angani wiki kadhaa kabla, ila milima huwa imelificha. Nyuso za watu wanaopigwa na jua baada ya zaidi ya miezi minne zina thamani kubwa katika mazungumzo kuliko jua lenyewe.

Kamera katika baridi

Wastani wa Februari na Machi mjini ni kati ya nyuzi 10 na 15 chini ya sifuri, lakini siku za nyuzi 25 au 30 chini ya sifuri zipo, na upepo huifanya iwe kali zaidi mwilini. Betri ndiyo ya kwanza kusalimu amri, kwa kuwa kemia iliyo ndani yake hupungua kasi. Beba tatu au nne, uziweke kwenye mfuko wa ndani karibu na kifua, na uzibadilishe moja baada ya nyingine. Ile iliyoonyesha kuwa imekwisha, ikipata joto la mwili, mara nyingi hurudisha sehemu ya nguvu yake. Usiipumulie kamera unapochungulia, maana pumzi huganda palepale kwenye kioo cha kuchungulia. Vaa glavu nyembamba za sufu ndani ya zile nene, ili unapozivua zile nene kubadilisha kadi ngozi yako isiguse chuma.

Hatari kubwa zaidi haiko nje. Iko mlangoni unapoingia. Jioni yangu ya kwanza nilikuwa nimekaa nje saa tatu kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, nikaingia nyumba ya wageni, nikaiweka kamera mezani na kuinama kuvua buti, kwa maana Longyearbyen watu huvua viatu mlangoni, desturi iliyobaki tangu enzi za vumbi la migodi ya makaa ya mawe. Nilipoinua kichwa kamera ilikuwa nyeupe kana kwamba imepakwa unga. Baada ya dakika chache weupe ule ukawa matone, na tone moja likaanza kuteremka taratibu ndani ya lenzi, upande ambao hakuna kitambaa kinachoufikia. Lenzi ile ilikauka baada ya siku moja na nusu, na katika siku hiyo na nusu anga lilikuwa safi kuliko siku zote nilizokaa kule.

Tiba yake ni rahisi: ukiwa bado nje, tia kamera kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, toa hewa, funga, kisha uingie nao ndani na usiufungue mpaka kamera ifikie joto la chumba, jambo linaloweza kuchukua saa mbili au zaidi. Unyevu utashika mfuko badala ya kamera. (Mifuko hiyo inunue Oslo na uiache huko huko unaporudi, usije ukaanza kujieleza uwanja wa ndege nyumbani kuhusu katazo la mifuko ya plastiki.) Toa kadi ya kumbukumbu kabla ya kuitia kamera mfukoni, ili uweze kuzihamisha picha ukiwa unasubiri. Kanuni hii ni rahisi kuieleza ukumbini, kwa sababu kila mtu wa pwani ameona chupa ya soda ikitolewa kwenye friji inavyotokwa na jasho mezani. Mimi huiweka chupa moja juu ya meza mwanzoni mwa mazungumzo bila kusema lolote, na ninapofikia kisa cha lenzi chini yake pameshakuwa na dimbwi.

Kuhusu mipangilio: kamera hudhani kila kitu ni kijivu, na ikiona theluji tupu huifanya iwe ya kijivu kweli. Ongeza mwanga wa picha kwa hatua moja hadi moja na nusu kisha uangalie grafu ya mwanga, ukihakikisha weupe haujaungua. Kwa aurora tumia lenzi pana yenye mwanya wa 2.8 au chini ya hapo, ISO kati ya 1600 na 3200, shata ya sekunde 5 hadi 15 kutegemea kasi ya mianga, na ulenge nyota kwa mkono badala ya kuiachia kamera.

Jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji ni uso mweusi juu ya theluji. Ukiongeza hatua moja kwa ajili ya theluji, uso wa mwenzako bado utabaki kivuli. Pima mwanga kwenye shavu lake, ukubali theluji iliyo nyuma yake ipoteze maelezo kidogo, au mgeuze ili theluji yenyewe imrudishie mwanga usoni, maana theluji ni kioo kikubwa kisicholipiwa. Na hapo hapo kuna suala la afya. Maelekezo mengi ya huduma ya kwanza husema kwamba ngozi inayoanza kuganda hugeuka nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi huonekana ya kijivu, kama imepakwa majivu, au isiyo na uhai kama nta, hivyo usisubiri weupe: ncha ya pua, sikio au kidole kikifa ganzi, ingia ndani.

Dubu, na picha ambayo huenda usiipate

Wasikilizaji wako watatarajia dubu mweupe. Waambie mapema kwamba huenda hayupo. Kuwinda dubu hao kulipigwa marufuku Svalbard mwaka 1973, na sheria inakataza kuwafuata, kuwavuta kwa chakula au kuwasumbua kwa namna yoyote. Tangu tarehe 1 Januari 2025 ni lazima kila mtu akae angalau mita 300 mbali nao, na umbali huo huwa mita 500 kuanzia tarehe 1 Machi hadi tarehe 30 Juni. Hakuna lenzi ya mkononi itakayokupa uso wa dubu kwa umbali huo. Ukitoka nje ya mji, nenda na mwongozaji mwenye vifaa vya kumfukuza dubu na bunduki, na umsikilize anaposema turudi.

Nina picha moja ya nukta ya rangi ya maziwa iliyokolea juu ya barafu nyeupe. Huionyesha, nikakaa kimya, nikawaacha watu waitafute, na mtoto wa safu ya mbele ndiye huwa wa kwanza kunyoosha kidole. Picha hiyo inafundisha umbali na heshima kuliko picha kali ya dubu niliyoweza kuiomba kwa mtu. Piga pia kibao cha pembetatu kilicho mwisho wa mji, chenye dubu na maneno ya Kinorwei yanayomaanisha kwamba onyo hilo linahusu Svalbard yote. Droni iache nyumbani: ni marufuku kuirusha ndani ya kilomita 5 za uwanja wa ndege, na eneo hilo linameza sehemu kubwa ya mji. Wala usiokote kitu. Mabaki ya shughuli za binadamu ya kabla ya mwaka 1946, hata msumari uliopinda, yanalindwa na sheria, kwa hiyo yapige picha pale pale yalipolala.

Picha za kuzungumzia

Mazungumzo yangu ya kwanza yalikuwa katika ukumbi wa shule moja. Nilikuja na ramani, tarehe na picha 180 zilizopangwa siku kwa siku, na kufikia siku ya nne nusu ya ukumbi ilikuwa imelala. Nilipomaliza, mzee mmoja aliinua mkono na kuuliza, "Sasa mwanangu, huko chooni mlikuwa mnaendaje?" Watu wakacheka, mimi nikajibu kwa kifupi kwamba mjini kuna vyoo kama vya kwetu, tukaendelea. Usiku ule ndipo nilipotambua kwamba mzee alikuwa ameuliza swali bora kuliko mazungumzo yangu yote. Ardhi ya Longyearbyen imeganda mwaka mzima. Wakati wa kiangazi huyeyuka tabaka la juu tu, la kina cha mita moja hivi. Mabomba ya maji safi na maji taka hayawezi kufukiwa kama kwetu, hivyo yamepitishwa juu ya ardhi yakiwa yamefunikwa yasigande, na nyumba zimesimama juu ya nguzo ili joto lake lisiyeyushe udongo unaozibeba. Nilikuwa nimepita kando ya mabomba hayo kila siku, na sikuwa na hata picha moja.

Tangu hapo huwashauri watu waandike, kabla ya kusafiri, maswali ambayo mama, mtoto na mzee wa mtaani kwao wangeuliza, kisha waende nayo kama orodha ya sokoni. Maji yanatoka wapi? Watoto hucheza saa ngapi? Mboga zinafikaje? Piga picha ya bei kwenye rafu ya duka, ya viatu vilivyojipanga mlangoni, ya kipimajoto ukutani, ya kope za mtu zikiwa na barafu. Ukifika wakati wa kiangazi, lala kifudifudi uupige picha mti wa wilo wa Aktiki ukiweka kidole chako kando yake: ni mti wa kweli, na kimo chake ni sentimita chache tu. Mtu aliyekulia chini ya mwembe hatausahau.

Kuna slaidi moja inayotuhusu moja kwa moja. Juu kidogo ya uwanja wa ndege, kwenye mlima Platåberget, mlango mwembamba wa zege umechomoza ubavuni. Huo ni mlango wa ghala la mbegu la dunia, lililofunguliwa tarehe 26 Februari 2008. Waliobeba kisanduku cha kwanza kukiingiza ndani walikuwa Waziri Mkuu wa Norwei wakati huo, Jens Stoltenberg, na Wangari Maathai wa Kenya. Wageni hawaruhusiwi kuingia, ila mlango unapigika vizuri gizani. Mbegu huhifadhiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na hicho ndicho kiwango cha friza ya kawaida ya samaki.

Kwa sababu hiyo mazungumzo yangu huanza na friza. Naomba mtu mmoja anayeuza samaki, na kila ukumbi wa pwani anaye, aeleze vidole vyake vinakuwaje akichambua samaki walioganda kwa dakika tano bila glavu. Anaeleza yeye, kwa maneno yake. Kisha nasema: hiyo ni nyuzi 18 chini ya sifuri, sasa fungeni macho mkae humo ndani na upepo juu yake. Baada ya hapo naweka picha ya kwanza.

Maneno

Andaa maneno yako kama unavyoandaa picha. Barafu ni neno lililotoka Uajemi, ambako barf ni theluji, na theluji ni neno la Kiarabu. Yote mawili yalitufikia kwa jahazi, na sisi tukayapa kazi zetu. Ukitamka barafu mbele ya watoto wa Dar es Salaam wanaona ubuyu uliogandishwa kwenye kifuko. Ukitamka mbele ya mvuvi anaona bonge la kuhifadhia samaki. Mpagazi wa Kilimanjaro anaona kambi ya Barafu, iliyo kwenye zaidi ya mita 4,600. Hakuna anayeona bahari iliyoganda. Amua tangu mwanzo utaita nini kila kitu na usibadilishe katikati: mimi husema theluji kwa ile inayoanguka, barafu ya bahari kwa maji ya chumvi yaliyoganda, barafuto kwa ule mto wa barafu unaoteremka mlimani polepole, na siwa barafu kwa pande lililokatika na kuelea. Eleza kila neno mara moja, picha yake ikiwa imesimama kwenye skrini.

Sauti nayo husaidia. Rekodi mbwa wa sledi wanavyobweka kabla ya kuondoka na wanavyonyamaza ghafla wanapoanza kukimbia. Rekodi kipande cha barafuto kikiwa kwenye maji, kinavyopasuka pasuka kwa viputo vya hewa ya kale vinavyotoka. Ukisahau kurekodi hatua juu ya theluji kavu, tia wanga wa mahindi, ule wa kutengenezea kastadi, kwenye mfuko mdogo wa ngozi na uuminye karibu na maiki. Mafundi wa sauti za filamu hufanya hivyo hivyo.

Usidai zaidi ya picha yako

Mwaka 2017 video ya dubu mweupe aliyekonda sana, iliyopigwa katika Aktiki ya Kanada na kundi la Paul Nicklen na Cristina Mittermeier, ilizunguka dunia nzima ikiwa na maandishi kwamba hivi ndivyo mabadiliko ya tabianchi yanavyoonekana. Mwaka uliofuata jarida la National Geographic lilikiri kwamba lilivuka mpaka, kwa kuwa hakuna aliyejua kwa hakika kilichomfanya dubu yule mmoja akonde. Aktiki inapata joto kwa kasi ya karibu mara nne ya wastani wa dunia tangu mwaka 1979, na hilo limepimwa. Lakini hilo ni jambo la vipimo vya miaka mingi, wala haliwezi kuthibitishwa na mbavu za mnyama mmoja. Sema vipimo kuwa vipimo na picha kuwa picha.

Vivyo hivyo na Kilimanjaro. Kishawishi cha kuweka kilele cha Kibo kando ya barafuto za Svalbard ni kikubwa, nami sikukatazi, mradi useme kwamba barafu ya Kibo ilianza kupungua tangu karne ya 19 na kwamba ukavu wa hewa umechangia sana. Msikilizaji kutoka Moshi anayeujua mlima wake atakusahihisha mbele ya watu usipofanya hivyo.

Katika maelezo ya kila picha andika mahali, tarehe na saa siku ile ile. Na weka nakala mbili zisizolala katika begi moja. Nils Strindberg, mpiga picha wa msafara wa puto wa Msweden Andrée ulioruka kutoka Svalbard tarehe 11 Julai 1897, hakurudi, wala wenzake wawili. Filamu zake zilikutwa kwenye kisiwa cha Kvitøya mwaka 1930, na fundi mmoja wa Stockholm aliweza kuokoa picha 93 kati ya 240 zilizokaa barafuni miaka 33. Kadi zako za kumbukumbu usizitegemee kwa uvumilivu huo.

Siku ya ukumbi

Picha 45 zinatosha dakika 40. Fika saa mbili mapema, uwashe projekta, na uangalie kwanza picha zako za giza, kwa sababu projekta dhaifu kwenye ukumbi wenye mapazia mepesi huigeuza aurora kuwa ubao mweusi. Andaa nakala za picha hizo zilizoongezwa mwanga, zikiwa tayari kwenye faili lingine. Beba waya wa HDMI na kigeuzi cha VGA, maana projekta nyingi za shule ni za zamani. Umeme ukikatika kompyuta mpakato itaendelea lakini projekta haitaendelea, kwa hiyo chapisha picha sita kwenye karatasi kubwa uweze kuzipitisha mkono kwa mkono huku ukizungumza. Nimewahi kumaliza mazungumzo yote hivyo, kwa mwanga wa simu za watu, na hayakuwa mabaya.

Maswali nayo yanaandalika. Utaulizwa kuhusu pengwini: hawapo, wako upande wa kusini wa dunia. Utaulizwa kama ni kweli kufa ni marufuku Longyearbyen: hakuna sheria hiyo, ila mazishi ya jeneza yalisimamishwa karibu mwaka 1950 kwa sababu ardhi iliyoganda haiozeshi mwili, na wajawazito hupelekwa bara kabla ya siku zao. Utaulizwa kama Mwafrika huko hutazamwa kwa mshangao. Jibu kwa uliyoyaona wewe, na uwakumbushe kwamba Tété-Michel Kpomassie wa Togo aliishi na Wainuiti wa Greenland katika miaka ya 1960. Na ukumbi wowote wa pwani utakuuliza Mwislamu anaswali na kufunga vipi mahali ambapo jua halitui. Wanazuoni wana rai zaidi ya moja, zikiwamo ya kufuata nyakati za mji wa karibu ambako usiku na mchana hutofautika na ya kufuata nyakati za Makka. Zitaje rai hizo, kisha mwachie nafasi shehe aliyepo aseme lake, maana swali hilo ni lake kuliko lako.

Picha zile sita za karatasi zipe namba nyuma na uzihesabu kabla ya kufungasha. Ya mti wa wilo hurudi kila mara. Ya mbwa wa sledi nimeichapisha upya mara nne.